Kazi huja na watu unaowajua kwa mbali: mitandao ya kikazi na mtafuta kazi wa Mombasa

Mombasa, ukimuuliza mtu kazi yake aliipataje, atakutajia mtu kabla hajakutajia tangazo. Shemeji alisikia kuna nafasi bandarini. Mwalimu wa zamani alipiga simu. Jirani wa Mikindani alikuwa dereva wa meneja. Kwa hivyo kijana akiambiwa ajiunge na LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, hujibu upesi kwamba hapa kazi ni za kujuana, na mambo ya mtandao ni ya watu wa Nairobi. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Kazi ni za kujuana, hapa na kwingineko. Kinachopotosha ni ile imani kwamba kujuana ni kuwa na mjomba mwenye cheo. Anayekuletea habari ya kazi, mara nyingi, ni mtu unayemjua kidogo tu, na mitandao ya kikazi inafaa kwa sababu inakuwezesha usiwapoteze watu wa aina hiyo.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyoligeuza suala hili. Aliwahoji wataalamu, mafundi na mameneja wa mji wa Newton, jirani na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Wale waliopata kazi kupitia mtu aliwauliza: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 walikuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja tu, na asilimia 27.8 hawakuwa wakionana naye zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Sababu si kwamba wanaokujua kwa mbali wanakupenda zaidi. Ndugu yako yuko tayari kuhangaika kwa ajili yako kuliko mtu yeyote. Lakini ndugu yako, rafiki zako wa barazani na wenzako wa kazini wanaongea na watu walewale unaoongea nao wewe, na habari walizonazo umekwisha kuzisikia. Yule mliyesoma naye muhula mmoja kisha akaenda zake Kisumu, au karani mliyekuwa mkipishana naye kwenye lango la bandari, anakaa kati ya watu usiowajua. Kwao kuna nafasi inayozungumzwa ambayo kwenu haijafika.

Wafanyakazi wa hoteli za pwani waliliona hili kwa uchungu mwaka 2020. Korona ilipoingia Machi mwaka huo na watalii wakakatika, hoteli za Nyali, Bamburi, hadi Diani kule Kwale, zilisimamisha kazi karibu kwa pamoja. Mhudumu wa mapokezi ambaye marafiki zake wote ni wa hoteli hakuwa na wa kumuuliza, maana wote walikuwa nyumbani kama yeye. Aliyekuwa bado anajuana na mtu wa hospitali, wa benki au wa kampuni ya mizigo alikuwa na mlango wa kubisha.

Bandarini nako mambo yaligeuka, kwa njia nyingine. Reli ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza, serikali ilishinikiza makontena ya bara yapandishwe treni na yakakaguliwe Embakasi, Nairobi. Kazi nyingi za kliaringi, yaani za kutoa mizigo forodhani, zikahama, na mwaka 2019 watu wakaandamana mjini kwa sababu ya riziki. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto akaagiza shughuli hizo zirudi Mombasa. Katika kipindi hicho chote habari ya nani anaajiri na nani anapunguza watu ilikuwa ikitembea kati ya miji miwili. Karani aliyekuwa na watu pande zote mbili, hata wa kusalimiana tu, alikuwa anajua mapema kuliko yule aliyekaa kusubiri tangazo.

Mtandao unavyofanya kazi

LinkedIn ulianzishwa Desemba 2002 na Reid Hoffman na wenzake, ukafunguliwa kwa watu wote Mei 2003. Mwaka 2016 Microsoft iliununua kwa dola bilioni 26.2, na mwaka 2023 ukatangaza kuwa umefikisha wanachama bilioni 1. Idadi hiyo isikutishe, maana wewe hushughuliki na bilioni. Unashughulika na madaraja matatu. Anayekubali mwaliko wako ni mtu wako wa daraja la kwanza. Watu wake ni wa daraja la pili kwako, na watu wa hao ni wa daraja la tatu. Namba ndogo ya daraja iliyo kando ya jina la mtu ndiyo ninayoiona ya maana kuliko vitu vyote vilivyomo mle, na wengi hawaitazami. Ukifungua ukurasa wa kampuni unayoitamani, utaonyeshwa ni nani katika watu wako anafanya kazi pale, na nani anamjua aliye pale. Bila ya hivyo ungeuliza mji mzima.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolipima wazo la Granovetter ndani ya LinkedIn yenyewe. Watafiti walitumia majaribio yaliyofanywa kwenye kile kipengele kinachokupendekezea watu unaoweza kuwa unawajua. Majaribio hayo yaligusa watu zaidi ya milioni 20 katika miaka mitano, na katika muda huo kulitokea miunganisho mipya bilioni 2 na kazi mpya 600,000. (Waliojaribiwa hawakuambiwa, na jambo hilo lililalamikiwa kwa haki.) Matokeo yaliuthibitisha ujuzi wa zamani na kuuongezea kitu: wa mbali anasaidia kuliko wa karibu sana, lakini akiwa mbali kupita kiasi faida inapungua. Anayefaa zaidi ni wa katikati, yule ambaye mna watu kadhaa mnaowajua nyote wawili, ila si wengi.

Nimekawia kwenye hoja hii kwa makusudi, kwa kuwa ndipo ushauri mwingi unapokosea. Vijana huambiwa wakusanye watu, wafikishe 500, kana kwamba idadi ndiyo kazi. Kumtumia mwaliko mkurugenzi wa Singapore ambaye hamna hata mtu mmoja wa kati hakukusogezi popote. Anza na wale ambao tayari wamekuona: mliosoma nao Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au katika chuo chochote ulichopitia, waliokusimamia ulipokwenda kujifunza kazi, wateja uliowahudumia, wenzako wa zamani waliohamia Nairobi, Dar es Salaam au Doha. Hao wanakujua kiasi cha kusema neno moja la kweli juu yako, na wako mbali kiasi cha kusikia usiyoyasikia.

Utafiti huo una jambo jingine linalotuhusu sana hapa pwani. Msaada wa watu wa mbali ulikuwa na nguvu katika fani zinazofanyika zaidi kwa kompyuta. Katika fani zisizo za kidijitali sana, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Kwa hiyo anayetengeneza programu au anayefanya kazi za mbali kutoka Mombasa, mji ambao nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS ziliingilia mwaka 2009, ana sababu ya kuuwekea mtandao nguvu nyingi. Fundi wa friji, dereva wa lori au mpishi wa hoteli ndogo asiuache mtandao, ila asiache pia kupita mwenyewe kwa msimamizi anayemjua, wala asidharau simu ya binamu. Huo si unyonge. Katika kazi za mikono, mwenye dhamana anataka kusikia kutoka kwa aliyekuona ukifanya.

Maneno ya juu ya ukurasa wako

Mwajiri mkubwa, au wakala anayemtafutia watu, hulipia chombo maalumu cha kutafuta. Anaandika cheo, ujuzi, mahali na miaka ya uzoefu, kisha anapata orodha. Ukurasa wako ukikosa maneno anayoyaandika, hutokei. Ule mstari ulio chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220, na nimeona watu wengi wenye kazi nzuri wameupoteza kwa kuandika kwamba wao ni vijana wenye bidii wanaotafuta nafasi. Hakuna anayetafuta kwa neno bidii. Karani wa kliaringi aandike cheo chake, kwamba anautumia iCMS, mfumo wa forodha wa KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), kwamba ameshughulikia makontena ya mizigo baridi au magari, na kwamba yuko Mombasa. Mhudumu wa mapokezi aandike mfumo wa hoteli anaoujua na lugha anazozungumza. Kijerumani au Kiitaliano kwa pwani hii ni mali, na kiwekwe mahali kinapoonekana. Vyeo viandikwe kwa Kiingereza kama vinavyotokea katika matangazo ya kazi, maana ndivyo vinavyotafutwa.

Hayo mengine hayana ugumu. Picha ya uso iliyo wazi, tarehe za kazi zilizo sahihi, maelezo yanayosema ulifanya nini badala ya kusifu ulivyo. Usiongeze cheo ambacho hukuwa nacho, kwa sababu wale uliofanya nao kazi wanaona, na ndio watakaoulizwa.

Kuna kitufe cha kuonyesha kwamba unatafuta kazi, nacho kina njia mbili. Ya kwanza inaonekana na wote, kwa duara la kijani kwenye picha yako. Ya pili inaonekana na wanaotafuta waajiriwa tu. Kama bado uko kazini, chagua ya pili, na ujue kwamba mtandao unajitahidi kuwaficha watu wa kampuni yako mwenyewe wasione lakini hautoi ahadi kamili. Mji wetu ni mdogo. Meneja wa hoteli hii alisoma na meneja wa ile.

Ujumbe wa kwanza, na ombi

Mwaliko ukitumwa bila neno lolote humwacha mtu akijiuliza wewe ni nani. Mistari miwili mitatu inatosha, na kwa mtu wa hapa sioni sababu ya kuandika Kiingereza cha barua ya serikali ikiwa mlizoea kuongea Kiswahili. Kwa mfano:

"Habari za leo, mwalimu. Nilikuwa katika darasa lako la ugavi mwaka 2021, lile kundi la jioni. Sasa naandaa hati za forodha kwenye kampuni moja Changamwe. Mfano wako wa mizigo iliyokwama ninautumia mpaka leo. Ningependa tusipoteane."

Hapo hakuna ombi. Kuna jambo ambalo mwalimu anaweza kulikumbuka, na salamu yake inamwekea heshima. Ombi litakuja siku yake, na litakapokuja liwe la habari kabla ya kuwa la kazi. Mtu wa mbali hana uwezo wa kukuajiri, na ukimwambia "nisaidie kazi yoyote" umemtwika mzigo asioweza kuutua. Atanyamaza, si kwa roho mbaya, bali hajui aanzie wapi. Muulize anachokijua:

"Kaka, habari za siku nyingi, na pole na shughuli. Nimeona kampuni yenu inatafuta karani wa hati. Je, atakaa Mombasa au atapelekwa Embakasi? Na wanaangalia nini zaidi, cheti au uzoefu? Ukiona nafaa nitaomba. Ukiona sifai niambie tu, wala usione haya."

Ombi la namna hiyo linajibika katika dakika mbili. Mara nyingi jibu huja na kitu ambacho hukukiuliza: kwamba tangazo litafungwa Ijumaa, kwamba msimamizi wa idara hiyo anataka mtu aliyewahi kushughulikia mizigo ya msamaha wa ushuru, au kwamba nafasi ina mwenyewe tayari na usijisumbue. Habari hiyo ya mwisho nayo ni msaada, ingawa inauma.

Kutopoteana

Kazi kubwa iko hapa. Watu wengi hufungua ukurasa wiki waliyoachishwa kazi, hutuma mialiko themanini, wakapata kazi au wasipate, kisha hunyamaza miaka mitatu. Wakirudi, wanarudi na shida. Kila mtu mjini anamjua ndugu wa namna hiyo, ambaye simu yake ukiiona inaita unajua kuna jambo, na mtandaoni anajulikana vivyo hivyo.

Desturi za kwetu zinatusaidia kuliko tunavyofikiri. Mtu wa pwani anajua kupongeza na anajua kutoa pole. Mwenzako wa zamani akipandishwa cheo, mwandikie, na umwandikie wewe mwenyewe kwa maneno yako, si kwa kubonyeza lile jibu lililoandaliwa na mtandao. Akifiwa, mtumie rambirambi kwa simu, si hadharani chini ya picha. Ikifika Idi au Krismasi, salamu kwa watu wachache uliowataja majina ina uzito kuliko picha moja ya maua iliyotawanywa kwa mia. Ukisoma tangazo la kazi lisilokufaa lakini linamfaa fulani, mpelekee bila kungoja akuulize. Mimi naamini hili la mwisho ndilo linalojenga jina la mtu kuliko mengine yote, kwa sababu linaonyesha ulimkumbuka wakati huna haja naye.

Na ukipata kazi, rudi kwa kila aliyekujibu umwambie, hata yule ambaye habari yake haikuzaa kitu. Wengi hulisahau, na waliosaidia hubaki bila kujua mambo yaliishaje.

Makundi ya WhatsApp yana nafasi yake katika haya. Kundi moja linaingiza watu hadi 1,024, na mengi ya Mombasa yanabeba matangazo ya vibarua, hoteli na magodauni ambayo hayafiki LinkedIn kamwe. Udhaifu wake ni kwamba tangazo linafika bila mwenyewe. Ukiliona lina mishale miwili, maana yake limepita katika mazungumzo matano au zaidi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia hajui zaidi yako. Liulizie asili yake kwa mtu aliye ndani ya kampuni, kwenye ule mtandao mwingine. Vyombo hivi viwili vinafaa vikitumiwa pamoja hivyo.

Matapeli wanajua tunachokitafuta

Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia juu ya kazi za uongo za Thailand. Vijana walikuwa wakiahidiwa mishahara minono mtandaoni, wakifika wanavushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Baadhi yao waliokolewa na kurudishwa nyumbani. Walioshawishiwa walikuwa na elimu na walijua kompyuta, kwa hiyo asitokee mtu akasema yeye ni mjanja hawezi kunaswa.

Kwa Mombasa, mtego uliozoeleka zaidi ni wa kazi za melini. Kijana amemaliza kozi zake za usalama wa baharini, hana mkataba, na mtu mwenye ukurasa uliopambwa kwa picha za meli za abiria anamwandikia kwamba nafasi ipo, alipe ada ya kuandikishwa tu. Hapa sheria iko wazi. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli. Mawakala wa mabaharia wanasajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, ambayo makao yake ni hapa hapa Mombasa, na mtu anaweza kwenda kuuliza jina la wakala kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa kazi za nchi kavu za ng'ambo, orodha ya mawakala walioruhusiwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Ukurasa wa tapeli una dalili zake. Umefunguliwa juzi, hauna mtu mnayemjua wote wawili, anakuhimiza mhamie WhatsApp au Telegram mara moja, na anataka nakala ya kitambulisho na namba ya KRA kabla hujahojiwa na mtu. Wasichana wanaotafuta kazi hupata pia wale wanaojifanya waajiri ili wapate namba ya simu. Mfungie mtu kama huyo bila kumjibu, na uuripoti ukurasa wake, kwa sababu kesho atamwandikia mwingine.

Jambo la mwisho ni dogo lakini limewagharimu wengi. Jiandikishe kwa barua pepe yako binafsi, si ya ofisi. Siku unapoacha kazi, au inapokuacha, barua ya ofisi hufungwa saa hiyo hiyo, na ukisahau nywila huna tena njia ya kuingia, wakati ndio kwanza unawahitaji watu wako. Katika mipangilio ya LinkedIn kuna sehemu ya kuomba nakala ya taarifa zako, pamoja na orodha ya watu uliounganishwa nao. Iombe mara moja kwa mwaka uihifadhi, na wale kumi au ishirini unaowategemea zaidi, chukua namba zao za simu uziandike pembeni.